SIMU YA UPEPO: NANI ASEMA, NA NANI ASIKIA?

Ndugu wanachama, na makarani wenzetu wa Wawi, wa Chake Chake, na wa kila mahali jarida hili lifikapo,

Katika toleo hili twataka kunena juu ya jambo lililozoeleka mno hata watu hawalitazami tena, nalo ni redio, pamoja na simu iliyoitangulia. Habari za vyombo hivi zimeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara huanzia Ulaya au Marekani: fulani aligundua hiki, fulani akatengeneza kile, kisha mwisho wa ukurasa husemwa ya kwamba neema hiyo ikaenea hata Afrika. Hatuyapingi hayo, kwani waliogundua wana sifa yao, na mwenye sifa apewe. Walakini mtu akaaye Wawi, kati ya mikarafuu, maili chache tu nje ya mji wa Chake Chake, ana haki ya kuuliza swali jingine. Chombo kilipofika kwetu kilileta maneno ya nani? Na maneno yetu sisi kiliyapeleka wapi? Hilo ndilo swali tutakalolifuata, na twaamini ya kwamba jibu lake lina kazi ndani yake kwa kila karani asomaye maneno haya.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. "Simu" ni neno lililotujia kutoka Uajemi kwa njia ya bahari yetu, na maana yake ya asili ni waya. Hata kilipokuja chombo kisichohitaji waya, watu wetu hawakusita. Walikiita "simu ya upepo", yaani waya wa upepo. Jina hilo ni zuri, maana lamwonyesha mtu aliyefikiri kwanza kabla ya kutaja. Upepo ulikuwa umekwisha kutuletea habari kwa karne nyingi. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha, na habari zilikwenda kwa mwendo wa tanga. Mtu aliyemwandikia nduguye wa Maskati au Bombay alijua ya kwamba huenda akangoja majibu hata msimu wa pili. Mwaka wa 1872 meli za moshi za Kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi, na watu waliona hiyo ni haraka kubwa.

Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka wa 1879, na sababu ya kuletwa kwake yafaa ikumbukwe. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na watu wa London hawakupata habari mpaka tarehe 11 Februari, kwa sababu hapakuwa na waya kati ya Afrika ya Kusini na Ulaya. Serikali yao ilishtuka. Kabla mwaka haujaisha waya ulikuwa umelazwa kutoka Durban hata Msumbiji, kutoka Msumbiji hata Unguja, na kutoka Unguja hata Aden, ambako uliungana na nyaya zilizokwisha kuwako. Kwetu kituo chake kiliwekwa katika kisiwa cha Bawe, mbele ya mji wa Unguja. Mwaka wa 1890 nyaya nyingine zilikwenda Mombasa, Bagamoyo na Dar es Salaam. Na mwaka wa 1893 mwingine ukaelekea Shelisheli na Morisi. Hivyo katika miaka kumi na minne Unguja iligeuka njia panda ya habari za bahari hii yote. Lakini tusisahau ya kwamba waya haukuletwa Unguja kwa ajili ya Unguja. Ulipita hapo kwa kuwa hapo palikuwa njiani.

Nguvu ya waya ilionekana wazi mwezi wa Agosti mwaka wa 1896. Tarehe 25 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Basil Cave, aliyekuwa akishika kazi za ubalozi, alipeleka simu London akiomba ruhusa ya kupiga mizinga ikiwa suluhu itashindikana, na serikali ya Salisbury ikamjibu kwa njia hiyo hiyo ya kwamba ruhusa anayo. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipopita, manowari zikapiga, na katika muda usiotimia saa moja mambo yalikuwa yamekwisha na mamia ya watu wamekufa au kujeruhiwa. Jambo hilo lote, tangu kifo cha mfalme hata kuanguka kwa jumba, lilichukua siku mbili tu. Lau ingalikuwa zamani ya matanga, barua hiyo ingalihitaji majuma mengi kwenda na majuma mengi kurudi, na huenda wazee wa mji wangalipata nafasi ya kuzungumza. Hatusemi ya kwamba waya ndio ulioua watu. Twasema ya kwamba aliye na waya aliweza kuuliza na kujibiwa, na aliyekuwa jumbani hakuweza.

Basi na Pemba je? Pemba iko baina ya Unguja na Mombasa, lakini ilikaa kando ya mambo haya ikingoja mashua na meli. Ajabu ni kwamba wakati huo huo Pemba ndiyo iliyokuwa ikilisha mfuko wa nchi. Dhoruba kubwa ya mwaka wa 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka huku kwetu. Lakini bei ya karafuu haikuwa ikikatwa Wawi. Ilikatwa katika masoko ya ng'ambo, ikaja kwa waya hata Unguja, ikasomwa na mwenye kujua kusoma na mwenye kulipia simu. Mfanya biashara aliyepata habari leo aliweza kununua shambani kwa bei ya jana. Mkulima aliyekausha karafuu zake juu ya jamvi hakuwa mjinga. Alikuwa mbali tu, na umbali huo ulimtoza kodi ambayo haikuandikwa katika daftari lolote. Kila akumbukaye habari za rehani na madeni ya mashamba ya Pemba katika miaka ya kabla ya 1940 yampasa akumbuke hili pia, kwamba katika kila mapatano alikuwapo mmoja ajuaye zaidi na mmoja ajuaye kidogo.

Hapo ndipo simu ya upepo ilipotufaa sisi wa visiwani kuliko watu wa bara. Elimu yake ilikuwa ya watu wengi wa nchi nyingi. Heinrich Hertz, Mjerumani, alithibitisha katika miaka ya 1887 na 1888 ya kwamba umeme ukitetemeshwa kwa kasi hutoa mawimbi yaendayo hewani yasionekane kwa macho. Mwaka wa 1895, katika mji wa Calcutta, Jagadish Chandra Bose, mwana wa Bara Hindi, aliwaonyesha watu jinsi mawimbi hayo yapitavyo ukuta na kupiga kengele upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 1901 Guglielmo Marconi, Mwitaliano, akiwa Newfoundland, alisema amesikia alama tatu zilizopelekwa kutoka Poldhu katika Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Haikupita miaka mingi na sisi tukapata fungu letu: kabla ya vita vya mwaka wa 1914 Unguja na Pemba zilikuwa zikizungumza kwa simu ya upepo, milingoti ikisimama huku na huku, bila waya wowote chini ya maji. Kisiwa kilichokuwa kando ya njia kikaunganishwa na mji wake mkuu.

Vita hivyo vilipoanza, ilionekana mara moja jinsi wakubwa wanavyokithamini chombo hiki. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia kwa mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani pale Dar es Salaam. Hawakuanza na bohari wala nyumba ya gavana. Walianza na mlingoti. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg ikaizamisha Pegasus katika bandari ya Unguja. Askari hujua lililo na thamani. Katika vita hulenga kwanza mdomo na sikio la adui wake.

Mpaka hapo, ndugu, chombo kilikuwa cha alama tu, nukta na mistari, na watu walioweza kukielewa walikuwa wachache. Karani wa simu ndiye aliyesimama kati. Yeye alisikia mlio, akauandika kuwa herufi, akaufunga katika bahasha, akanyamaza. Alijua kifo kabla ya wafiwa, na bei kabla ya muuzaji. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya kazi, na uaminifu wake ndio uliofanya watu wakubali kumwekea siri zao. Twawataja makarani hao kwa sababu katika vitabu hawatajwi. Waya na milingoti vina picha zake. Aliyekaa usiku akisikiliza hana.

Sauti ya mtu ilikuja baadaye. Tarehe 2 Novemba 1920 kituo cha KDKA katika mji wa Pittsburgh, Marekani, kilisoma hewani matokeo ya uchaguzi wa Rais. Mwaka wa 1922 Waingereza walianzisha shirika lao la London. Mwezi wa Julai 1927 Bombay ilianza kutangaza, na mwaka wa 1928 Nairobi ikafuata, kwa kampuni ya British East African Broadcasting. Tarehe 19 Desemba 1932 London ilianza kutangaza kwa mawimbi mafupi kwa nchi zote zilizokuwa chini ya dola yake. Mawimbi haya mafupi yana tabia ya kupanda juu sana, yakakutana na tabaka la hewa lenye umeme, yakarudishwa chini mahali palipo mbali mno. Kwa sababu hiyo mtu wa Pemba mwenye chombo kizuri aliweza kuisikia London usiku, hali hawezi kusikia mtambo mdogo ulio karibu zaidi.

Lakini kusikia si kuelewa. Nairobi ya mwaka wa 1928 ilisema Kiingereza, kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao. London ya mwaka wa 1932 ilisema Kiingereza pia. Mwafrika aliweza kusimama dirishani akasikia muziki na maneno, lakini hakuwa akisemeshwa. Ilihitaji vita vya 1939 hata 1945, na maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki kupelekwa mbali, ndipo serikali zikaona haja ya kutangaza kwa Kiswahili, ili jamaa za askari wapate habari, na ili uvumi usijaze mahali ambapo habari haipo. Tazameni, ndugu, jinsi mambo yalivyorudia njia ile ile. Waya uliletwa kwa sababu ya vita vya Wazulu, mlingoti ukalengwa kwa sababu ya vita vya 1914, na Kiswahili kikapewa nafasi hewani kwa sababu ya vita vya 1939.

Yuko mtu mmoja aliyevunja desturi hiyo, wala hakuwa fundi wala afisa. Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hata Bombay, akaimba mbele ya chombo cha kunasa sauti, na kampuni ya His Master's Voice ikazitoa nyimbo zake katika santuri. Santuri si redio, twajua; haipiti hewani, na habari zake haziwi za leo. Lakini yafaa tuitie katika historia hii, maana hiyo ndiyo mara iliyowafanya watu wengi wa pwani hii kusikia mashine ikisema kama wao wasemavyo. Nyimbo zake zilikuwa na mapenzi na mawaidha, na baadhi yake zilikuwa na habari za mji, za mahakama na za dhuluma, kama wimbo wa Kijiti uliosimulia mauaji na kesi yake. Watu walizinunua, na wasio na santuri walikwenda penye santuri. Hapo lilidhihirika jambo ambalo wenye mitambo hawakulijua: watu wetu hawakuwa wazito wa kupenda vyombo vipya. Walikuwa wakingoja kusikia jambo lao.

Mwaka huo wa 1928 ulikuwa pia mwaka wa mkutano wa Mombasa, ambao ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Redio za Kiswahili zilipokuja zilikuta njia imekwisha kufyekwa, zikatumia lugha hiyo. Faida yake ni kubwa, maana mtu wa Wawi, wa Tabora na wa Lamu aliweza kusikia habari moja na kuielewa. Hasara yake ni ndogo, lakini tuitaje: Kipemba, pamoja na maneno yake ya bahari, ya shamba na ya mzaha, hakikupata kiti. Mtoto alijifunza ya kwamba lugha ya redio ni lugha ya watu wengine, na lugha ya bibi yake ni ya kuchekwa. Jambo hilo si sheria ya umeme. Ni desturi ya watu, na desturi hubadilishwa.

Kikwazo kingine kilikuwa bei. Redio za kwanza zilifanya kazi kwa taa za kioo zilizokula umeme mwingi, na mahali pasipo umeme zilitaka betri nzito za kuchajiwa mara kwa mara. Mwaka wa 1949 kule Lusaka, Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa habari wa serikali, alishirikiana na kampuni ya Ever Ready hata ikapatikana redio ndogo ya betri kavu, mviringo mfano wa sufuria, kwa bei ya pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Ilikuwa nafuu, lakini kwa karani wa chini hizo zilikuwa fedha za kuwekwa akiba miezi mingi, na betri ilipokwisha chombo kilinyamaza. Ukombozi wa kweli ulikuja na transista, iliyobuniwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, na iliyoanza kutiwa katika redio za mkononi mwaka wa 1954. Transista ilikula umeme kidogo sana, na betri ndogo za dukani zikatosha. Redio ikashuka kutoka juu ya meza ya mkubwa, ikaenda shambani, ikaenda ngalawani, ikaingia jikoni kwa kina mama, ambao hapo kwanza waliletewa habari na waume zao zikiwa zimekwisha kuchujwa.

Zanzibar ilipata kituo chake mwaka wa 1951, kikaitwa Sauti ya Unguja. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo Dar es Salaam ikaanza yake. Mwaka wa 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, nayo ilisema dhidi ya ukoloni maneno ambayo vituo vya serikali havikuweza kuyasema. Mmoja wa waliosikika huko alikuwa Mzanzibari Ahmed Rashad Ali. Tarehe 27 Juni 1957 London nayo ikaanza Kiswahili. Hivyo katika miaka sita tu mtu aliyekaa barazani jioni alikuwa na sauti nne, kila moja na nia yake. Twaomba wasomaji walifikiri jambo hili. Palipokuwa na sauti moja, msikilizaji alikuwa mtu wa kuambiwa. Zilipokuwa nne, akawa kadhi. Alisikia Unguja, akasikia Cairo, akapima, akamwuliza jirani, na mazungumzo ya baraza yakawa shule ambayo haikuandikwa katika ripoti yoyote ya elimu.

Walakini sauti zote nne zilikuwa na jambo moja sawa: hakuna hata moja iliyosema kutoka Pemba. Matokeo yake yalionekana tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yalipigwa Unguja. Kituo cha redio cha Raha Leo kilishikwa, na sauti ya John Okello, mtu aliyepata kuishi Pemba miaka michache kabla yake, ikatangaza ya kwamba serikali imeanguka, ikifuatiliza amri na vitisho. Pemba haikuyaona mapigano ya usiku ule. Ilisikia tu. Watu wa kisiwa kizima walikaa mbele ya redio wakajua ya kwamba maisha yao yamebadilika, wala hapakuwa na kitufe cha kubonyeza ili kuuliza: na sisi je? Wasomaji wetu wana mawazo mbalimbali juu ya siku ile, na jarida hili si mahali pa kuwagombanisha. Lakini tunadhani wote watakubali ya kwamba siku ile, kama mwaka wa 1896, aliyeshika chombo alisema, na asiye nacho alisikia.

Sasa tunajua atakalosema msomaji mmoja. Atasema: "Hayo ni ya zamani. Mwaka wa 1973 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, mbele ya nchi nyingi za Afrika. Mwaka wa 2009 nyaya za nuru zilifika pwani yetu kupitia chini ya bahari. Mwaka wa 2010 umeme ulifika Pemba kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Katika karne hii ilianzishwa hata redio ya jamii kule Micheweni, na kila kijana ana simu mfukoni yenye kusema na kusikia. Basi malalamiko ya nini?"

Ni hoja nzuri, nasi twaijibu kwa heshima. Kwanza, hatulalamiki; tunahesabu. Pili, kuwa na chombo chenye kusema si sawa na kuwa na la kusema lililo hakika. Leo habari zapita mfukoni mwa kila mtu, lakini ukitaka kujua redio ya kwanza iliingia kijiji gani cha Pemba, nani aliinunua, betri zake zilichajiwa wapi, na watu walikusanyika kwa nani kusikiliza, hutapata jibu katika simu hiyo. Habari za Pittsburgh za mwaka wa 1920 zapatikana kwa dakika moja. Za Wawi hazipatikani, kwa sababu ndogo tu: hapana aliyeziandika. Waliozijua bado wako wachache, wazee kwa vikongwe, na kila mwaka twazika baadhi yao pamoja na habari zao. Jambo hili haliwezi kulaumiwa juu ya mkoloni wala juu ya serikali yoyote. Karatasi tunayo, kalamu tunayo, na kuandika ndiyo kazi tuliyosomea.

Tatu, sauti zikiwa nyingi kupita kiasi, msikilizaji hurudi kuwa kama yule aliyekuwa na moja. Hawezi kupima tena. Habari yaruka kutoka simu hata simu, haina jina la mwenyewe, haina tarehe, haina mahali. Karani wa zamani wa simu ya upepo hangalipokea karatasi ya namna hiyo. Angaliuliza: yatoka wapi, saa ngapi, nani ametia sahihi? Makarani wenzetu, maswali hayo matatu ni urithi wetu. Yana thamani leo kuliko yalivyokuwa mwaka wa 1914.

Kwa hiyo twatoa shauri, nalo ni jepesi. Kila mwanachama achague mzee mmoja, wa kike au wa kiume, katika jamaa yake au mtaa wake, akae naye jioni moja au mbili, amwulize juu ya simu na redio. Asimharakishe, wala asimpe majibu mdomoni. Aandike mahali, na mwaka, na ikiwa mzee hajui mwaka, basi aandike alama: kabla ya vita au baada yake, msimu wa karafuu nyingi au chache, kabla ya Mapinduzi au baada. Aandike chombo kilikuwa cha nani, kilisimama wapi, sauti ya nani ilisikika, na watu walisema nini ilipokwisha. Maneno ya Kipemba ayaache kama yalivyo, asiyanyoshe kuwa ya kitabuni. Akitofautiana mzee na mzee, aandike yote mawili. Jina la mzee lisitiwe bila ridhaa yake. Kisha karatasi hizo apewe katibu wa tawi, naye azihifadhi, na jarida hili litazichapa kidogo kidogo.

Pia twashauri ya kwamba habari yoyote ibandikwayo ubaoni ofisini, au ipelekwayo na mwanachama kwa wenzake, iwe na mambo matatu: yatoka kwa nani, ya tarehe gani, na nani ameihakikisha. Isiyo nayo ingoje. Najua wako watakaosema ya kwamba huko ni kuchelewesha; lakini habari iliyochelewa saa moja ikiwa kweli yafaa kuliko iliyofika mapema ikiwa si kweli, na kuirudisha baada ya kutoka ni kazi nzito kuliko kuizuia.

Jarida letu, kama mjuavyo, ni kurasa chache zilizopigwa kwa mashine ya mkono, wino ukififia upande mmoja na kukolea upande wa pili. Halina mlingoti wala mawimbi. Lakini latoka hapa, kwa maneno ya hapa, na asomaye aweza kuandika majibu yakachapwa katika toleo lifuatalo. Tangu mwaka wa 1879 vyombo vikubwa zaidi vimepita mbele yetu vikikosa jambo hilo moja. Basi tulitumie. Karatasi za kwanza tutazipokea kabla ya mkutano ujao wa tawi.

Wasalaam,
Wahariri, Wawi